Niliisugua Meza ya Karata

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kusafisha hakuna wa kunifundisha. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Kwa miaka minne nilimhudumia bibi mmoja wa Kizungu huku ughaibuni, mji wa Richfield. Kila asubuhi mabasi mawili, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu, magoti yanalia kama bawaba. Nilimwogesha, nikampikia uji, kisha tukacheza karata mpaka saa yangu ya kutoka. Nilimwita bi mkubwa. Yeye aliniita mpenzi, hata akiwa amenuna.

Meza ya karata aliirithi kwa wazee wake. Fundi aliyeitengeneza alikufa zamani sana, nchi hii ikiwa bado changa. Ikikunjwa ni nusu duara, inakaa ukutani kwa miguu myembamba kama ya korongo. Ukitaka kucheza unavuta mguu mmoja wa nyuma, unafunua ubao wa juu, inakuwa duara zima. Miguuni kumepachikwa vipande vya mti mweupe, vidogo kama kucha za mtoto, vinashuka kama kikuba cha maua. Kazi ya mkono ile, usibishe. Lakini ilikuwa nyeusi kwa uchafu, na upande wa bi mkubwa palikuwa na alama ya mviringo iliyoachwa na glasi ya marehemu mumewe. Alikuwa akiizungushia kidole huku akifikiria karata ya kutupa.

"Unaniibia wewe."

"Nikuibie nini, bi mkubwa, na turufu zote umezikalia?"

Miguu yake ikaisha nguvu. Mwanawe akaamua ahamie nyumba ya wazee, Bloomington, chumba kimoja kidogo. Bi mkubwa aliomba kitu kimoja tu: meza yake.

"Mama, ile itauzwa," mwanawe akasema. "Alhamisi anakuja mtaalamu wa vitu vya kale kuitazama. Kule wataimwagia supu."

Bi mkubwa aligeuza uso ukutani, na siku hiyo hatukucheza.

Sasa, kwetu Muheza mtu akihama vyombo vyake hupita barabarani juu ya mkokoteni, na mtaa mzima hutoka kutazama. Kitanda kikipita kichafu, aibu ni ya mwanamke aliyetunza nyumba. Basi tunasugua kila kitu kwa mchanga na majivu mpaka mbao zinakuwa nyeupe. Na nyumba ile niliitunza mimi. Jumatano, bi mkubwa kalala, nikachukua stilwaya, sabuni na maji ya moto. Nilisugua mpaka mabega yakafa ganzi. Maji yalitoka kama chai ya rangi. Chini ya ubao nikakuta karatasi ya kahawia, imeliwa na wadudu. Nikailoweka, nikaibandua, nikaitupa. Ile alama ya glasi ilikuwa sugu, lakini sugu zaidi ni mimi.

Nikampelekea picha mjukuu wangu. Anasomea uuguzi chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, na nitalisema hilo mpaka mchoke. Akapiga simu hapo hapo.

"Bibi, no! Ume-scrub?"

"Nimesafisha. Wewe hata sufuria hujui kusugua."

"Bibi, watu wanataka ule uzee wake!"

Nilidhani ananitania.

Alhamisi mtaalamu akaja na kurunzi yake. Akainama chini ya meza, akakaa huko muda mrefu. Alipoibuka aliuliza karatasi iko wapi. Nikamwambia gari la taka limeshapita. Akanieleza polepole kwamba karatasi ile ndiyo ilikuwa na jina la fundi, na ule weusi ndio ulikuwa umri wa meza. Angenitukana ningepata nafuu. Mwana wa bi mkubwa alinitazama kama ng'ombe aliyeingia sebuleni.

"Basi mpeni," akasema mwishowe. "Haina tena wa kuinunua. Aende nayo."

Wenzangu wa basini wananisifu, eti nilifanya ujanja, nimemwokolea mzee meza yake. Sikufanya ujanja wowote. Nilisafisha kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na nikaharibu. Sifa ya uongo siitaki.

Jumapili nikaenda Bloomington, siku yangu ya kupumzisha haya magoti. Meza imekula nusu ya chumba, nyeupe kama mfupa. Nikavuta mguu, nikafunua ubao, nikachanganya karata. Bi mkubwa akapeleka kidole mahali pake. Kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena.

"Iko wapi?"

"Niliisugua, bi mkubwa. Sikujua. Nisamehe."

Televisheni ya chumba cha pili ilikuwa ikicheka peke yake. Kisha bi mkubwa akakisukuma kando kitambaa cha kuwekea vikombe, akachukua kikombe chake cha chai, kitako kimelowa, akakiweka juu ya ubao mtupu, pale pale.

Mkono wangu ulitaka kukiondoa. Nikauzuia.

"Gawa," akasema.

Nikagawa.