Jusi Iliyogeuka Kijani

Tangu niolewe huku Lambwe, sijawahi kumwamini Akinyi, mke wa shemeji yangu. Mtu mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba akianza kukuchekea, jiulize anapika nini. Kwa hivyo alipotualika Jumapili, nilibeba kikombe changu mwenyewe, kile cheupe chenye kifuniko.

Wengine walikuwa wakinywa jusi nyekundu ya maua ya rosela. Nilifungua kikombe bila kutazama ndani, maana macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya Akinyi. Akanimiminia kidogo. Jusi ikageuka bluu, kisha kijani.

"Sumu!" nikapiga mayowe. "Ya kwenu nyekundu, yangu kijani! Mnataka ushahidi gani tena?"

Majirani wakajaa uani. Akinyi akaanza kulia. Mimi ndio kwanza nikadai chifu aitwe.

Mama mkwe akakichukua kikombe, akachovya kidole, akaonja.

"Humu mna maji ya jivu, yale ya kulainisha mboga ya mrenda," akasema. "Nyathina, mwanangu, si asubuhi ulikuja kwangu na kikombe hiki kuyaomba? Ulikiosha?"

Sikukiosha. Nilimimina maji yale kwenye sufuria, nikafunga kifuniko, basi.

Na Ijumaa tu niliwafundisha wanafunzi kukamua maua mekundu, kuyatilia maji ya jivu na kuangalia rangi ikigeuka. Binti wa Akinyi huketi dawati la mbele.

Akinyi akafuta machozi, akainua jagi.

"Mwalimu wa kemia," akasema, "nikuongeze?"