Gesare Aliyebeba Tairi Kichwani

Dada yangu Gesare hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu wa Kebirigo walimjua kama yule mama anayeinama kupapasa magurudumu kabla ya kupakia ndizi zake garini. Madereva walimwita Inspekta, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Waliobaki wakijua alianzia wapi ni wachache. Mimi nilikuwepo, na kichwa changu bado kinashika vizuri.

Mumewe, Angwenyi, alinunua pikapu kuukuu mwaka wa 1966, akawa anapeleka ndizi Keroka. Alikuwa mtu mwema, sisemi vinginevyo, lakini alikuwa na mkono wa birika. Tairi likiisha hanunui jingine. Alilitoa nyuma akalipeleka mbele, kushoto akalipeleka kulia, kama mtu anayegeuza viazi kwenye majivu. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, aliyaosha matairi kwa sabuni na kuyapaka rangi ya viatu ubavuni, mpaka jina la kiwanda na namba za kipimo zikang'aa. Ukisimama kando ungeapa ni mapya. Na kila moja alilichoma herufi A kwa chuma cha moto, kwa ajili ya wezi.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu, tairi la mbele lilipasuka kwenye mteremko wa kuingia Keroka. Pikapu ikaacha barabara, ikabiringika. Angwenyi aliletwa nyumbani akiwa maiti.

Tulipomaliza kuzika, maneno yakaanza. Jirani yao, mong'ina Nyanchera, mjane mzee aliyesuka vikapu, alikuwa amegombana na Angwenyi juu ya mpaka wa shamba. Tena asubuhi ile ya ajali alionekana amechutama kando ya pikapu, mkono wake juu ya tairi la mbele. Omwenga, kaka mkubwa wa marehemu, akasema hiyo haikuwa kazi ya barabara, ilikuwa kazi ya mtu, yaani uchawi. Siku zile, neno kama hilo likishatoka kwa kaka mkubwa, nyumba ya mtu ingeweza kuchomwa, na hakuna aliyeketi pale asiyejua.

Nyanchera akaitwa mbele ya ukoo. Alisema aliona nyuzi zimetokeza kwenye raba, akazigusa, akamwambia Angwenyi, naye Angwenyi akamjibu aende akasuke vikapu. Watu wakacheka. Mwanamke mzee wa vikapu atajuaje mambo ya magari? Akaambiwa ikifika Jumapili awe amehama. Hakuwa na mtoto aliye hai, wala pa kwenda.

Gesare alikuwa ndani na nguo zake za matanga, akasikia yote. Asubuhi akaniambia nijifunge leso twende Keroka. Nikamkumbusha kwamba mjane wa juzi hatembei hovyo.

"Nyuzi zilikuwepo au hazikuwepo," akasema. "Tairi halijaoza. Nataka kuliona."

Pikapu ilikuwa imevutwa hadi nyuma ya maduka, gurudumu moja halina tairi. Tulipouliza, tukaelekezwa sokoni kwa Ondieki, mshonaji wa viatu vya raba. Tulimkuta amelikanyaga tairi, kisu mkononi. Alikuwa ameshakata soli ubavuni, pakabaki matundu yenye umbo la nyayo, kama watu wametembea wakapita ndani yake. Upande wa pili herufi A ilikuwa bado imekaa.

Gesare akachutama, akapitisha kiganja mgongoni mwa tairi. Palikuwa laini kama tumbo la chungu, hakuna mfereji hata mmoja. Pembeni nyuzi zilikuwa zimefumuka. Ondieki akatuambia tuziangalie vizuri: uzi uliokatika siku ya ajali huwa safi, lakini hizi zilikuwa zimesagika na kushiba udongo, maana yake zilikuwa nje muda mrefu.

"Lichukue, mama," akasema. "Hata kwa viatu lilikuwa linanipa mashaka."

Gesare akajitwika tairi kichwani. Tulirudi kwa miguu, kwa sababu hakutaka kupanda gari lolote. Njiani alisimama mara moja tu.

"Nikiliweka mbele yao, nitakuwa nasema Angwenyi alijiua kwa ubahili," akasema. "Na watoto wake watasikia."

Akaendelea kutembea.

Jumapili, ukoo ulipokutana tena, Gesare alilitupa tairi katikati ya watu. Omwenga akasema matairi yote yanafanana. Gesare akamwonyesha herufi A, kisha akamgeukia baba mkwe wake.

"Baba, mwanao alikuwa mume wangu, na bado namlilia. Lakini hili alikuwa akiliosha kila Ijumaa. Mong'ina alimwambia, naye akamcheka. Mimi nilimwona akilihamishia mbele, nikanyamaza. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, anzeni na mimi."

Mzee akainama, akaingiza vidole kwenye zile nyuzi. Halafu akasema Nyanchera arudi akawashe moto nyumbani kwake.

Omwenga hakumsamehe Gesare. Alisema amemchafua marehemu, na msimu ule hakuna shemeji aliyemsaidia kulima. Aliyefika shambani na jembe alikuwa Nyanchera. Alianza mstari wake kutoka upande wa mpaka, ule ule waliougombania, wakalima mpaka wakakutana katikati.

Miaka ikapita, tukaingia sabini na kitu. Siku moja Gesare alipapasa tairi la lori pale Kebirigo, ndizi zake zikiwa zimeshapakiwa. Dereva akamwambia acha wasiwasi, Inspekta, hili lina safari nyingi bado.

Gesare akapanda juu, akaanza kushusha mikungu yake, mmoja mmoja.