Bomba la Tope Lisilo na Juu wala Chini

Nisiwafiche, nilitoka Morogoro kwenda kuchukua tope. Mama mkwe wangu aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno. "Tope la hapa limekwisha?" Nikamwambia limekwisha, nikafunga begi.

Lakini tope la chini ya bwawa la asili ni kumbukumbu. Ndani yake mna magamba ya daiatomu, mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaojijengea gamba la kitu kama kioo. Mwani ukifa, gamba huzama na kubaki palepale. Ziko aina zinazoelea kwenye maji ya kina, na ziko zinazoridhika na udongo uliolowana tu. Anayejua kuzitofautisha husoma tope tabaka kwa tabaka na kujua lini mvua zilikuwa nyingi na lini bwawa lilikauka. La chini ndilo la zamani, la juu ni la juzi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na bwawa nililoelekezwa liko katika kijiji kimoja kati ya Makambako na Njombe.

Makambako, saa kumi na moja jioni. Basi lilinishusha njia panda, baridi ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Malori ya mbao yamepanga foleni, upepo unapuliza vumbi la barabarani mpaka kwenye meno. Nililala gesti na soksi mbili kila mguu, na bado nilitetemeka. Watu wa Morogoro hatukuumbwa kwa mambo haya.

Asubuhi ya siku ya pili nilipanda kosta ya Njombe, nikateremka kwenye kibao cha kijiji. Mwenyeji wangu, Baba Lusungu, alikuwa ananisubiri na koti lake refu. Shamba lake linapakana na bwawa.

"Kamwene, mtaalamu!"

"Kamwene," nikaitikia. Kibena changu kiliishia hapo.

Mkewe, Mama Lusungu, alituandalia chai na viazi vya kuchemsha. Nje ya dirisha niliona miche ya parachichi ndani ya viriba, imepangwa safu kwa safu kivulini. Nikauliza ni mingapi.

"Mia tatu," Baba Lusungu akasema. "Mvua zikianza naipanda. Kiangazi namwagilia kwa maji ya bwawa. Na majirani kumi na wawili wameagiza yao kwa kuniona mimi. Bwawa hili halikauki."

"Nani kakwambia halikauki?"

"Nani kaliona limekauka? Hayupo."

"Basi tutaliuliza tope."

Akacheka. "Liulize. Litasema ninayoyasema mimi."

Nilimpenda kwa kujiamini kwake, lakini moyoni nikaingiwa na wasiwasi. Mparachichi si mahindi, ukikosea mwaka huu ukajaribu mwakani. Mtu huulea miaka kadhaa kabla hajala, na kiangazi kimoja kibaya kinaweza kumaliza yote.

Mchana ule tulifunga chelezo cha mianzi na madumu matupu, tukasogea hadi katikati ya bwawa. Nilikuwa na mabomba mawili ya plastiki ya kijivu, yale ya kupitishia maji taka, kila moja urefu wa mita moja. La kwanza lilipasuka kwa nyundo. La pili lilizama vizuri. Tukaziba mdomo wake, tukalivuta mimi na yeye, maji ya baridi yakituingia mikononi mpaka kwapani. Likatoka limejaa! Nilipiga kelele kama mtoto. Nikachuruza maji ya juu, nikaziba ncha zote mbili kwa sponji na vifuniko, nikachora mshale kwa kalamu ya wino na kuandika JUU. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa akisisitiza tukate alama kwa msumeno. Nilikuwa na baridi, nikaona wino unatosha.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimetoka na begi langu nakuta bomba liko juu ya kichanja, katikati ya sufuria, linang'aa. Halina mshale. Halina neno.

"Mama Lusungu! Nani kalishika hili?"

"Mimi, dada," akajibu kwa furaha. "Nimelisugua kwa majivu na stilwaya. Mgeni wetu haondoki na vyombo vichafu. Hata jembe la mgeni tunalisafisha, seuze mzigo wa safari."

"Mama, umenifutia! Ulilisimamisha vipi? Ncha ipi ilikuwa juu?"

"Nililigeuza geuza. Nilitaka pande zote zitakate."

Nilikasirika, siwezi kukataa. Nikasema maneno makali mbele ya mumewe, kwamba safari nzima imekwenda na maji. Mama Lusungu akashika kanga yake kifuani. Aibu ikanijia papo hapo, maana aliyezembea ni mimi. Nikamwomba radhi. Akanifungia viazi vya njiani na kusema yamekwisha, ingawa macho yake yalikuwa bado chini.

Baba Lusungu akalitwika bomba begani. "Twende wote Makambako. Nataka nijue kabla ya mvua."

Makambako, saa tano. Mwalimu Neema, niliyesoma naye chuo, anafundisha baiolojia katika sekondari moja pale. Alitufungulia maabara, tukalipasua bomba kwa urefu. Tope jeusi tupu, ncha zote mbili zinafanana, isipokuwa mahali pamoja. Kiganja kimoja kutoka ncha ya kushoto palikuwa na ukanda wa kijivu, mgumu, wenye mizizi ya nyasi.

Nikachukua tone la tope la ukanda ule na kuliweka chini ya hadubini. Magamba machache, mengi yamevunjika, na yote ya aina ya udongo uliolowana. Hakuna hata moja la aina inayoelea.

"Hapa bwawa lilikauka," nikasema. "Nyasi ziliota ndani yake."

Baba Lusungu akasogea. "Lini?"

"Ndiyo shida. Ikiwa kushoto ni chini, ni zamani mno. Ikiwa kushoto ni juu, si zamani. Huenda babu yako alilivuka kwa miguu mikavu."

"Na wale majirani kumi na wawili?" akauliza. Akavuta stuli akaketi.

Niliweka tone la ncha ya kulia. Magamba matupu, safi kama chupa zilizooshwa. Nikaweka la kushoto. Nikazungusha lenzi polepole. Ndani ya magamba mengine mlikuwa bado na madoa ya rangi ya dhahabu, rangi ya mwani uliokuwa hai juzi tu. Nikarudia kwa tone jingine, halafu jingine. Mwalimu Neema naye akatazama, akaafiki.

"Kushoto ndiko juu," nikasema. "Pole, baba."

Alitaka kuona mwenyewe. Aliinama akaangalia kwa muda mrefu, ncha moja kisha nyingine, kisha ule ukanda. Alipoinuka aliuliza, "Miaka mingapi?"

"Sijui. Mpaka nipime Morogoro. Ila si mbali."

"Dada, ungesema kushoto ni chini, nani angekubishia?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa. Kisha akampigia mkewe simu mbele yetu. "Ile miche usiitoe kivulini. Tutapanda hamsini, ambayo tutaiweza kwa ndoo." Mama Lusungu aliuliza kitu. "Ndiyo," akajibu. "Mgeni ameona ncha. Mwambie Mungu asante, na wewe uache kujilaumu."

Njia ya kurudi, basi la Iringa na Morogoro, nilipakata mapajani sanduku lenye zile nusu mbili za bomba na tope lake. Tayari nilikuwa nimekata alama kwa msumeno kwenye ncha ya juu, nusu ya kidole kwenda ndani. Hilo nimejifunza na sitalisahau. Nililojifunza zaidi ni kwamba nilipokuwa naogopa kumwambia mtu mmoja, yeye alikuwa anawaza watu kumi na wawili.

Jumapili, saa saba mchana, nikiwa nyumbani, simu iliita.

"Nimesimama leo kanisani wakati wa matangazo," Baba Lusungu akasema. "Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamekasirika. Wameniuliza nilijuaje kwamba halikauki."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia sikujua. Nilitamani tu."