Nilivyorudi Darasani Bila Macho

Mtaniwia radhi, nitaongea nikiwa nimekaa. Nimetoka shule sasa hivi, miguu inawaka moto, na mwenyekiti wenu amenibembeleza mpaka nikashindwa kukataa. Ameniambia humu kuna watu ambao macho yao yamezimika mwaka huu huu. Nasikia na mtu analia kule nyuma. Lia tu, dada yangu. Mimi nililia mpaka machozi yenyewe yakanichoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, huko kwetu Mwika. Mume wangu analima kahawa na migomba kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Mtoto wetu wa kwanza ni Aika, kwa hiyo mimi ni Mama Aika. Nilikuwa mtu wa kusoma. Hata nikimenya ndizi, gazeti liko mapajani. Mama mkwe wangu alikuwa akinitania, "Mama Aika, hizo ndizi unazisomea ili ziive upesi?"

Ugonjwa ulianza kwa kichwa, upande wa kushoto, juu ya jicho. Nikameza dawa za maumivu. Taa nikaanza kuziona zina duara la rangi rangi. Nikawa najigonga kwenye milango, namimina chai nje ya kikombe. Nikaenda sokoni nikanunua miwani, ile ya kujaribu moja moja mpaka upate inayokufaa, nikajua yamekwisha. Kumbe wapi! Jumapili moja kanisani jicho likauma kama mtu analisukuma kwa kidole kutoka ndani. Nikatapika kwenye kanga yangu, watu wanaimba. Ukiligusa lilikuwa gumu kama pera bichi.

Hospitalini mjini Moshi nilipokelewa na daktari mwanamke, mpole. Akapima, akapima tena.

"Mwalimu, hii ni presha ya macho," akasema. "Maji ya ndani ya jicho yamekosa pa kutokea, yakakandamiza mshipa wa kuonea. Mshipa uliokufa hatuwezi kuufufua."

"Na hili la kulia?"

"Hilo tutalipigania."

Walilipigania kweli, Mungu awabariki. Walinipasua, wakanipa matone. La kushoto lilizidi kuuma hadi wakalitoa kabisa, hili mnaloliona ni la bandia. La kulia likafifia polepole kama kandili inayoishiwa mafuta. Asubuhi moja nikauliza kwa nini hawajafungua dirisha. Mume wangu aliuchukua mkono wangu, akautoa nje ya dirisha. Halafu akaniambia, "Liko wazi, Mama Aika."

Basi hapo likaanza gonjwa la pili, na hilo halikutibiwa hospitali.

Sisi Wachagga tunajua kuuguza. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hashiki jiko, analetewa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kitandani mpaka ashibe na zaidi. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye roho nzuri, aliona mkwe wake ameanguka, akafanya alichokijua. Akaniweka uzazini. Akahamia chumbani kwangu na godoro lake. Asubuhi mtori, mchana mtori wenye mafuta, jioni nyama na mchuzi wake. Ananiogesha, ananivisha, ananichana. Nikitaka kusimama, "Kaa, mwanangu, utachoka." Majirani wanaingia wakinong'ona, wanaacha maziwa, wanaondoka.

Mwanzoni nilishukuru. Lakini uzazi una mwisho, upofu hauna. Ile miezi mitatu ikaisha na hakuna aliyekuja kunitoa. Nikanenepa. Miguu ikavimba, ngozi ya makalioni ikachubuka kwa kukaa, nywele zikawa zinatoka na kitana. Asubuhi nilikuwa naijua kwa kusikia ng'ombe anakamuliwa. Niliwachukia watu wote wa nyumba ile, na hawakuwa wamenikosea kitu. Siwezi kusema nilitaka kufa. Nilikuwa nimechoka hata kutaka.

Siku moja mkuu wangu wa shule akaja. Akasema, "Mwalimu, wakubwa wanataka ustaafishwe kwa ugonjwa. Nimewaomba wasubiri shule ifunguliwe Julai ya mwakani. Ukija na njia ya kuandaa masomo na kusahihisha kazi za wanafunzi, nafasi yako ipo. Usipokuja, mimi nitakuwa sina la kufanya."

Mama mkwe akajibu, "Asante sana, mwalimu. Yeye apumzike tu."

Yaani mdomo ninao, na nimejibiwa! Nilikasirika kweli kweli. Na niwaambie ukweli, ile hasira ilikuwa dawa ya kwanza iliyonifaa.

Krismasi ikafika, na kama mnavyotujua, Mchagga popote alipo anapanda nyumbani. Akaja wifi yangu Ndeshi kutoka Dar es Salaam. Akanikuta nimekaa kama gunia la kahawa. Akaniambia ofisini kwao kuna bwana haoni, lakini anatumia kompyuta, nayo inamsomea kwa sauti. Tena hapa Moshi mjini kuna mwalimu, Elinami, mtu wa Mabogini, haoni tangu utotoni, anafundisha hiyo kazi.

"Wifi, kesho tunashuka," akasema.

Kesho yake viatu vyangu havikuonekana. Tukatafuta chini ya kitanda, jikoni, hadi kwenye banda la mbuzi. Mama mkwe anakoroga mtori wake. Mwisho akasema, "Mzazi hatoki mpaka atolewe. Na mimi sijamtoa."

Alikuwa ameficha viatu! Mtu mzima mimi, mwalimu! Nikapapasa mlangoni nikapata mabuti ya mume wangu ya shambani, nikavaa, nikatoka na Ndeshi kwenye tope. Yule mama akanifuata mpaka getini huku analia. Nikageuka nikamwambia, "Mama, mzazi ananyonyesha. Mimi namnyonyesha nani?"

Akakaa chini palepale. "Ukianguka huko njiani," akasema, "watu watasema nimekutupa."

"Nikianguka nitainuka, mama. Nikikaa nitaoza."

Akarudi ndani. Akatoka na viatu vyangu, alikuwa amevitia darini, akanivalisha mwenyewe kwa mikono yake. Akasema, "Basi nimekutoa. Nenda." Sote watatu tulilia, na mvua ikatunyeshea.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Elinami alikuwa mkali. Nilimwamkia kwa huzuni ya mtu anayetaka kuhurumiwa, akasema, "Hapa hatuonei mtu huruma. Weka vidole kwenye vitufe." Kipanya, ambacho bila macho hakikufai, alikichomoa akakitia kwenye droo. Ile programu ya kusoma skrini ilikuwa ya majaribio, ikitumika kidogo inajizima, unawasha mashine upya. Na sauti yake ya Kiingereza! Ilisoma Kiswahili kama mzungu aliyeteremka mlimani jana. Nilirudi nyumbani kila siku kichwa kinauma, shingo imekakamaa. Lakini taratibu nikaanza kuielewa, kama unavyoelewa lafudhi ya mgeni.

Kusoma nikaweza. Kusahihisha je? Nikawaza: mwanafunzi asome insha yake, irekodiwe, mimi nisikilize na kuingiza maoni yangu pale pale penye kosa. Programu ya kurekodia tuliyokuwa nayo ilitaka kipanya, ile programu yetu ya kusoma ikifika pale inakuwa bubu. Elinami akasema kuna ukurasa kwenye mtandao ulioandaliwa na wasioona wenyewe. Wamekusanya programu za sauti walizozijaribu kwa vidole vyao, wameandika ipi inaongea, ipi ni bubu, kitufe kipi kinakata sauti na kipi kinaunganisha. Unachagua, unaishusha bure kwenye mashine yako.

Kushusha! Tulikwenda intaneti kafe mjini. Mwenye kafe akasema, "Mama, hii ni ya kuangalia, utaangalia nini?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza, anipe spika. Tukaanza asubuhi. Jioni imebaki kidogo tu, umeme ukakatika. Yote yakapotea. Tukarudi siku nyingine, laini ikakatika. Nikaweka kichwa mezani nikamwambia Elinami nimeshindwa, niandikieni huo ustaafu. Hakunibembeleza. Alirudi kwenye ukurasa ule, akasoma tena maelezo, akakuta wenzetu wa huko wanajua shida ya laini mbovu: wameweka programu ndogo inayokumbuka ulipoishia. Basi tukawa tunashusha vipande vipande, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikatimia. Mwenye kafe mwenyewe ndiye aliyetuchomea kwenye CD, na akapiga makofi.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta za msaada, zimefunikwa vitambaa vya kufuma zisiingie vumbi, hazijaguswa. Elinami alipanda naye mpaka Mwika, akaziwekea programu zetu. Shule ilipofunguliwa, mkuu akalisimamisha darasa zima nyuma yangu, aone kama nitaweza. Msichana mmoja akasoma insha yake, ikarekodiwa. Nikairudisha kwa vidole, nikasimamisha, nikaingiza sauti yangu: "Hapa mto umefurika na kubeba mbuzi. Aya inayofuata umekauka na watu hawana maji. Mwanangu, amua moja." Tukaipiga. Darasa likacheka, na yule msichana akacheka kuliko wote.

Mkuu wa shule akakohoa. "Kidato cha pili, Jumatatu," akasema. Basi.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Ndeshi, na Elinami asiye na huruma, na mama mkwe wangu, ambaye hadi leo ananipa mtori nikubali nisikubali. Wenye matone, tieni matone, hata siku ambazo jicho haliumi. Miwani msinunue sokoni kabla hamjapimwa. Na ninyi mnaowauguza, wapendeni, lakini waacheni wajikwae. Jicho halikurudi, sitawadanganya. Ile sauti ya kizungu inanichosha. Ngazi za shule zinanichosha, wanafunzi ndio kabisa. Zamani nilichoka kwa kukaa ndani. Leo nimechoka kwa kazi, na usingizi wa uchovu huu ni mtamu sana.

Dada unayelia, ukimaliza njoo nikuonyeshe vitufe. Ila njoo leo leo, kesho nina kipindi cha kwanza.