Tangi Lililovuja Kwenye Karatasi

Darasa la alasiri la watu wazima lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na aliyekaa dawati la mbele kabisa, futikamba ikining'inia shingoni kama tai ya mkurugenzi, alikuwa Mama Fundi. Hakukaa mbele kwa bidii. Macho yake, baada ya miaka thelathini ya kutunga uzi kwenye sindano, yaliona vizuri kitambaa na vibaya ubao. Tena huko nyuma alikaa dereva wa teksi, mtu ambaye hata akipiga miayo ilikuwa kwa maneno.

Kilichomrudisha shule akiwa na miaka arobaini na minane hakikuwa kiu ya elimu, kama mkuu wa shule alivyopenda kuwaambia wageni. Ilikuwa hasira. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi cha mtaa wa pili, akiitwa msaidizi. Msaidizi wa nani, hakuna aliyejua, maana darasani alikuwa peke yake. Mkuu wa idara alipostaafu, watu walimpongeza Mama Fundi mapema, wengine wakataka soda. Kisha kiti akapewa binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kupitisha uzi kwenye cherehani. Binti aliyekuwa akishona zipu nyuma mbele, lakini mwenye cheti.

"Mama, tunakuthamini mno," mkuu wa chuo alimwambia. "Lete cheti cha kidato cha nne, chenye hisabati, tutazungumza."

Alisema asante, akafunga mlango taratibu, akaenda chooni akalia dakika nne, akanawa uso, akapitiliza moja kwa moja kwenda kujiandikisha shule. Yule binti bado alimwamkia kwa heshima zote kila asubuhi, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Masomo mengine yalikwenda. Hisabati ndiyo iliyomkalia kooni, na kanuni ya shule ilikuwa moja: asiyepata alama arobaini kwenye jaribio la hisabati haandikishwi kufanya mtihani wa taifa mwaka huo. Angengoja mwaka mwingine mzima, akiitwa msaidizi.

Mwalimu wao alikuwa msichana mwembamba anayevaa viatu vya raba, mwenye umri wa kuwa binti yake wa pili. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri wazazi wao, na alikiri kwamba watoto walikuwa na adabu zaidi. Siku ya somo la mteremko wa mstari aliwatoa nje, akawapanga mbele ya ngazi za jengo.

"Mteremko ni swali dogo tu," alisema. "Nikienda mbele kiasi hiki, napanda kiasi gani? Unachopanda, gawanya kwa unachokwenda. Nani ana rula?"

Rula zote zilikuwa fupi. Mama Fundi akavua futikamba yake, akapiga magoti. Kila ngazi ilipanda sentimita kumi na tano na kwenda mbele thelathini.

"Kwa hiyo mteremko ni ngapi?"

"Nusu!" dereva akapayuka.

"Mbili," alisema Mama Fundi wakati huohuo.

"Umegeuza, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Wengi wanageuza. Ni nusu."

Mama Fundi akarudisha futikamba shingoni. Alikuwa na neno la kusema, lakini wenzake walikuwa wameshaanza kurudi ndani, na mtu aliyekwisha kuambiwa amekosea hapendi kuambiwa mara mbili mbele ya dereva wa teksi.

Wiki iliyofuata wakafika kwenye y = mx + c. "Hii c ni pale unapoanzia kabla hujaenda popote," mwalimu alieleza, akigonga ubao kwa chaki. "Na m ni mwendo wako. Kila hatua moja, unaongeza kiasi gani."

"Kiuno na mpanuko," Mama Fundi alijisemea, uso ukamchangamka. Kwa mara ya kwanza hisabati ilikuwa imesema jambo analolijua.

Jaribio likafanyika Jumatatu. Karatasi zikarudishwa Ijumaa, siku ambayo karani wa shule alikuwa anafunga orodha ya watahiniwa saa kumi na moja jioni. Mama Fundi aligeuza yake taratibu, kama mtu anayefunua sufuria asiyejua kama chakula kimeungua.

"Thelathini na nne," dereva alisoma juu ya bega lake. "Aa, pole dada yangu. Mimi arobaini na moja. Nimepita kama gari bovu mlimani, lakini nimepita."

"Basi pita hivyohivyo mpaka kwenye kiti chako."

Alama nane zilikuwa zimepotea kwenye swali la grafu. Tangi lina lita nne za maji, kila dakika zinaongezeka lita mbili, chora. Pembeni ya mstari wake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Tangi linajazwa au linavuja?*

Akasubiri darasa liishe. Wenzake walipotoka akaiweka karatasi juu ya meza ya mwalimu, akailaza vizuri kwa viganja kama anayenyoosha pindo.

"Mwalimu, tangi langu lina ubaya gani?"

"Mama, swali linasema maji yanaongezeka. Mstari wako unashuka."

"Unashuka kwa sababu dakika zinashuka."

"Dakika hazishuki, mama. Dakika zinakwenda."

"Zinakwenda wapi?"

"Kulia."

"Nani kasema?"

Mwalimu alikuwa na shahada, na katika miaka yote ya kuitafuta hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Mama Fundi hakungoja jibu. Akatoa kwenye mkoba karatasi kubwa ya kukatia, iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya madaftari ya watu. "Hii ni sketi ya mteja, ya kupanuka kuelekea chini. Naanzia hapa, kiunoni. Hiyo ndiyo c yako. Kisha nashuka. Kila nikishuka inchi tatu, natoka nje inchi moja. Nikishuka tena, natoka tena. Hivi ndivyo nilivyohesabu tangu sijaota matiti, mwanangu. Kwenda chini ndiyo safari. Kwenda kulia ndiyo ninachopata. Sasa tangi nalo, dakika ndiyo safari. Nikaishusha. Lita ndizo ninazopata. Nikazipeleka kulia. Kwenye dakika sifuri nina nne, moja nina sita, mbili nina nane. Maji yanavujia wapi?"

Mwalimu aliiangalia sketi. Akaiangalia grafu. Kisha akashika karatasi ya jaribio kwa ncha za vidole, akaizungusha robo duara, upande wa kulia ukaja juu.

Mstari ukainuka.

Ulipanda vizuri kabisa, ukianzia nne, mbili kwa kila hatua, na kando ya mihimili, sasa yakiwa yamelala ubavu, yalisomeka maneno *dakika* na *lita* kwa mwandiko wa mviringo wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Limejaa," mwalimu alisema, akaanza kucheka, mkono mdomoni.

"Lilikuwa limejaa tangu Jumatatu."

"Na majina uliandika. Sikuyasoma. Niliona mstari unashuka, nikapiga mkasi wa kosa."

"Usinionee huruma, mwalimu. Huruma nimeshapewa sana, haishoneki."

"Si huruma. Mihimili ina majina, grafu ni sahihi. Nimekosea mimi."

Mama Fundi aliambiwa mengi matamu katika ile miaka kumi na mmoja: mhimili wetu, mama yetu, bila wewe tungekuwa wapi. Nimekosea mimi hakuwahi kuambiwa. Hakujua alipokee vipi, akashughulika kukunja karatasi yake ya sketi.

"Lakini hili swali la pili," mwalimu aliendelea, "hapa grafu tuliichapa sisi, mihimili ina majina. Mteremko ni tatu, wewe umeandika theluthi moja. Hapa hukuyasoma wewe."

Mama Fundi akaikaribia karatasi, akakunja macho. "Sawa. Hilo langu."

"Na mtihani wa taifa, mama, msahihishaji ana karatasi mia nne na mgongo unamuuma. Hataigeuza yako."

"Basi nitaigeuza mimi kabla haijamfikia. Andika alama, saa inakwenda."

Mwalimu akakata thelathini na nne, akaandika arobaini na mbili, akatia sahihi. Mama Fundi alivuka ua mbiombio, futikamba ikimpiga kifuani, akafika dirishani karani akiwa ameshaanza kuvuta pazia.

"Jina la mtoto?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mtoto ni mimi."

Karani akainua kichwa. "Samahani, mama. Hapa naona pamekatwa."

"Pamekatwa na aliyepaandika. Sahihi yake ile pale. Unataka na ya kwangu?"

Hakuitaka. Akagonga muhuri, akampa kipande cha karatasi chenye namba ya mtahiniwa. Mama Fundi alikisoma mara mbili, akakitia ndani ya sidiria, mahali ambapo hakuna mkuu wa chuo angeweza kukifikia, kisha badala ya kushika njia ya nyumbani akarudi darasani.

Mwalimu alikuwa ameshavaa mkoba begani.

"Nimeandikwa," Mama Fundi alisema, akikaa dawati lake la mbele. "Sasa nionyeshe yale niliyokosa kwa haki."

Mwalimu alitazama mlango, akapumua, akautua mkoba. Akachukua chaki, akachora mihimili miwili na mstari mmoja unaoikatiza. "Haya. Mteremko?"

Mama Fundi aliutazama ubao. Taratibu, bila ruhusa yake, kichwa kikaanza kuinamia begani, kana kwamba kinataka kuugeuza ubao.

"Shingo, mama."

"Naijua, mwalimu. Nipe nafasi inyooke."