Dua ya Miguu ya Jilo

Wenzangu, mimi huuza maziwa hapa stendi ya Garsen, na tangu wiki iliyopita nauza nikiwa nimejitanda mtandio mpaka puani. Sitaki watu wanitambue.

Nilionyeshwa kwenye simu picha ya Jilo, kijana wetu anayefanya kazi ng'ambo. Amepiga magoti kwenye sakafu nyeupe pe, miguu yote miwili imefungwa mabandeji manene mpaka mapajani, uso umezibwa kwa vyuma. Nikajua ni hospitali. Sisi Waorma hatuendi kumpa pole mama wa mgonjwa mikono mitupu. Nikajaza maziwa kibuyuni, nikakusanya wanawake, tukaenda tukilia.

Mama Jilo akatupokea akicheka. "Mmeshasikia? Wamempa mkataba mwingine!"

Mkataba wa kulazwa?

"Pole, dada. Na ile miguu?"

"Hivyo ndivyo anavyovaa kazini. Ni kipa wa hoki ya barafuni. Wanamrushia kidude kigumu kama jiwe, yeye anadaka."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mtoto anapigwa mawe kwenye barafu, mama anaita kazi! Nikaona maskini, uchungu umempanda kichwani. Nikainua mikono, nikaomba kwa sauti, "Ewe Mola, mjalie Jilo asimame tena, hata kwa mkongojo!"

"Amin," sauti ya kiume ikaitikia nyuma yangu.

Nikageuka. Kumbe Jilo yuko nyumbani likizo! Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akiitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akijiuliza ina nini.