Milango Miwili ya Peugeot ya Thuo

Mwaka wa 1986, ukitaka gari lako la biashara liandikwe jina hapa Eldoret, ulikuwa na njia mbili. Ungelipeleka Nairobi, wanakobandika herufi za plastiki zilizokatwa kwa mashine, au ungemwendea Tryphosa Kageha katika yadi ya Osman Nur, kwenye barabara ya kwenda Langas. Wenye magari wengi walikwenda Nairobi. Herufi za huko hazikuwa bora kuliko zake. Kageha ni mwanamke, na hilo kwao lilikuwa sababu tosha.

Mimi nilipanga chumba nyuma ya yadi hiyo nilipoanza kazi ya ualimu, na haya niliyaona kwa macho yangu. Nayaandika kwa sababu nimechoka kusikia hotuba za maendeleo zinazomsahau mtu anayeyatenda kwa mikono yake.

Kageha alizaliwa Maragoli. Kazi aliipata Kakamega kwa fundi wa vibao vya maduka, na kwa miaka mitatu alimwoshea fundi huyo makopo kabla ya kuruhusiwa kushika brashi. Alipohamia Langas, Osman alimpa pembe ya yadi yake, pale malori yake matano yalipokuwa yakitengenezwa. Aliandika vibao vya hoteli na vinyozi. Magari hayakuja. Sheria inataka kila gari la mizigo liwe na jina la mwenyewe na uzito wake mlangoni, na malori ya Osman yalikuwa yamechakaa maandishi mpaka askari wa barabarani walianza kuyasimamisha. Osman akamwambia Kageha kwamba angependa kuona kwanza kazi yake juu ya gari la mtu mwingine. Ikidumu, malori yote matano ni yake. Isipodumu, pembe ile atampa fundi wa matairi aliyekuwa akiiomba.

Gari la mtu mwingine likawa pikapu, Peugeot 404 ya Simeon Thuo, mzee wa Yamumbi aliyeuza chakula cha kuku na ng'ombe hadi soko la Ziwa.

Kageha alimweleza Thuo mambo yatakavyokuwa. Gari litalala yadini siku nne. Ya kwanza ni kuosha kwa sabuni, kulipiga msasa wa maji mlangoni na kulipangusa kwa tapentaini. Ya pili ni kupiga mistari ya chaki na kupaka mkono wa kwanza wa rangi. Ya tatu ni mkono wa pili. Ya nne ni kukauka tu, bila kuguswa. Thuo akakasirika kwamba anayelipia kukauka ni yeye, lakini akaacha ufunguo.

Siku ya pili jioni mlango ulisomeka THUO NA BINTI ZAKE kwa herufi za manjano zenye kivuli chekundu, na hata makanika waliacha spana zao wakatazama. Siku ya nne Thuo akaja, akapitisha kidole kwenye T. Herufi ikamfuata kidole. Rangi ilikuwa imelegea juu ya bati kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.

Makanika wakacheka. Wepukhulu, mkubwa wao, alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mama, hiyo ni Peugeot, si sufuria. Rudi jikoni."

Thuo hakucheka. Alimwambia Osman kwamba gari linakwenda Nairobi, na kwamba atawaambia watu wote wa Yamumbi. Osman alimtazama Kageha, na sote tulijua fundi wa matairi anaweza kuja kesho yake.

 Kageha aliinama mlangoni, akanusa. Kisha akamwuliza Thuo gari lake hulifanya nini ili ling'ae hivi.

Thuo akajibu kwa fahari kwamba tangu alinunue hajakosa siku hata moja kulipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na tone la oili. Hata hapa yadini alipita kila alfajiri akielekea mjini, akiwa na kitambaa, kabla Kageha hajafika. Mtu hawezi kuandikwa jina lake juu ya gari lililofifia kama la mlevi.

Wenye magari wengi hapa hufanya hivyo. Ni heshima. Na Thuo, kwa heshima hiyohiyo, alikuwa amepaka mafuta bati lililosafishwa, na kesho yake akayapaka tena juu ya rangi mbichi. Kageha akamweleza kwamba rangi haishiki penye mafuta.

"Kwa hivyo kosa ni langu?" akauliza Thuo. "Mimi nimekuwa na gari kabla wewe hujazaliwa."

"Sijasema ni lako, Mzee. Nipe siku tatu zingine. Mlango wa kulia upanguse na kitambaa chako vile unapenda. Wa kushoto usiguse. Nitaandika yote mbili, rangi moja, brashi moja. Halafu Mzee Osman ndiye atapima, si mimi."

Siku tatu zilimaanisha kukosa soko la Ziwa. Thuo alitaka kukataa, lakini Osman akasema, kwa upole wake wa hatari, kwamba yeye angependa sana kuona. Wepukhulu akaweka dau la soda kwamba herufi za milango yote zitang'oka.

Kageha aliparua kila kitu, akaanza upya. Asubuhi iliyofuata Thuo alipangusa mlango wake wa kulia mbele ya watu, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Kisha Kageha akaegemeza mkono juu ya kijiti chake chenye pamba nchani na kuandika jina lilelile mara mbili.  

Siku ya tatu Osman alikuja amevaa kanzu safi. Akabonyeza dole gumba kwenye mlango wa kulia, akavuta. THUO ikageuka tope la manjano. Akajifuta, akazunguka, akabonyeza mlango wa kushoto, akavuta kwa nguvu, kisha akakwaruza kwa ukucha. Akautazama ukucha. Ulikuwa safi.

"Walahi," akasema, "hii imezaliwa pamoja na gari."

 Kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, Thuo akamwomba Kageha amalizie mlango wa kulia, na akauliza ni siku ngapi asiuguse. Akaambiwa wiki mbili. Akatii, na wiki ya tatu alikwenda Ziwa katika mvua ya mawe na kurudi na matope hadi kwenye paa. Alilimwagia gari maji mbele ya makanika wote. Tope likashuka, na THUO NA BINTI ZAKE wakatoka chini yake wazima, wa manjano kama mahindi.

Kufikia Pasaka malori matano ya Osman yalikuwa yakienda Lodwar na herufi za Kageha milangoni. Nani sasa angethubutu kutaja fundi wa matairi? Pikapu zilianza kuja kutoka Ziwa, kutoka Yamumbi, mbili hata zikiwa na plastiki ya Nairobi iliyokunjamana kwa jua.

Jumatatu moja Wepukhulu alimjia Kageha amebeba sanduku lake la spana mikononi kama sadaka. Alitaka jina lake juu, kwa manjano, na kivuli chekundu.

Kageha hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi.

"Weka pale, ndugu yangu. Kuna pikapu tatu mbele yako."

Wepukhulu akaliweka chini, akaenda kumnunulia soda ya lile dau.